Kuingia Sauna, na Kujua Kutoka

Hiki ni kipindi chetu cha afya, na leo tunaingia kwenye chumba kidogo cha mbao chenye joto kali. Tunazungumzia sauna.

Najua kuna anayecheka. Mtu wa Dar es Salaam, mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imesimama, shati limegandia mgongoni, halafu unamwambia atoe hela akakae kwenye joto! Atakuuliza: kwani hapa nilipo ni wapi? Swali lake ni la haki, na nitaanza nalo, maana ukilielewa jibu lake umeelewa nusu ya mambo ya leo.

Angalia nguo uliyoanika. Siku ya jua na upepo mkavu, muda si mrefu imekauka. Siku ya mawingu ya masika inashinda kambani, na jioni unaianua bado mbichi. Jasho nalo ni hivyo hivyo. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linatoka lakini halikauki, linatiririka tu, na mwili haupoi. Ndani ya sauna hewa ni kavu. Jasho likitoka linakauka haraka, na likikauka linaondoka na joto la ngozi. Ndiyo maana mtu anakaa kwenye chumba cha nyuzi joto 80 au 90, ambapo maji ya joto hilo hilo yangembabua, na anatoka mzima, anatabasamu. Umenipata? Hajazoea mateso huyo. Ni jasho lake linafanya kazi.

Jirani na sauna, hoteli na jimu zetu nyingi huweka chumba kingine, cha vigae, kimejaa ukungu mweupe hata uliyekaa naye humwoni. Hicho ni chumba cha mvuke. Joto lake ni la chini zaidi, nyuzi 40 na kitu, lakini hewa imeloa kabisa, jasho halikauki, na kuna watu kinawachosha haraka kuliko sauna. Watu huvichanganya viwili hivi kila siku. Ukimsikia mtu anasema sauna haimpendi, muulize kwanza: chumba kilikuwa cha mbao au cha vigae?

Na ndugu zangu wa Zanzibar wasininunie. Joto la kustarehe walikuwa nalo zamani. Mji Mkongwe, pale mtaa wa Hamamni, Sultani Barghash aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888 alijengesha bafu za umma kwa mtindo wa Kiajemi, watu wakilipia na kuingia, na zilitumika hadi mwaka 1920. Ukienda leo vyumba utavitembelea, ila maji ya moto hakuna. Basi tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu.

Lakini sauna yenyewe, ile ya mbao na mawe ya moto, wenyewe ni Wafini. Watu wa Finland ni kama milioni tano na nusu, na sauna zao ni kama milioni tatu. Hebu fikiria. Zimo kwenye nyumba za ghorofa, zimo kando ya maziwa, imo hata kwenye jengo la bunge lao. Zamani mama wa kijijini alijifungulia saunani na maiti ilioshewa saunani, kwa sababu ndicho chumba kilichokuwa safi, chenye joto na maji ya moto karibu. Mjini Tampere kuna sauna ya umma, Rajaportti, iliyofunguliwa mwaka 1906 na hadi leo watu wanaingia. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka utamaduni wao wa sauna kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Na mwaka 1960 Rais wao, Urho Kekkonen, alimwingiza Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, saunani, wakakesha wakizungumza. Sidhani kama walikaa kwenye joto muda wote huo, la sivyo historia ingeandikwa vingine.

Sasa hapo ndipo ninapotaka tusimame, msikilizaji. Hawa watu waliozaliwa na sauna hawakai humo muda mrefu. Mfini anaingia, anakaa dakika kumi hivi, pengine kumi na tano, anatoka. Anakaa nje kibarazani na taulo lake, anapoa, anakunywa kitu, anapiga soga. Akipenda anarudi tena. Kule nje nako ni sauna. Kupoa ni sehemu ya tiba, wala hakuna anayekuona umeshindwa ukinyanyuka. Sisi tukiingia mara ya kwanza tunafanya kinyume: tunatazamana nani atakimbia wa kwanza! Nalisema na nitalirudia mara kadhaa kabla kipindi hakijaisha: ufundi wa sauna ni kutoka.

Je, ina faida? Inayo, na tuzitaje bila kuzikuza. Ukikaa kwenye lile joto mishipa ya damu inatanuka na moyo unapiga haraka, kiasi cha mtu anayetembea kwa kukaza mwendo. Misuli iliyokaza inalegea. Anayeumwa kiuno kwa kushinda kwenye kiti cha ofisi atahisi nafuu, na usiku wengi hulala vizuri. Mwaka 2015 Jari Laukkanen na wenzake, wa Finland, walichapisha utafiti wa wanaume zaidi ya elfu mbili wa umri wa makamo, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 20. Waliokuwa wakiingia sauna mara nne au zaidi kwa wiki walikufa wachache zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko waliokuwa wakiingia mara moja.

Ni habari njema, ila tuisome kwa akili. Wale ni wanaume wa Finland waliozoea sauna tangu utotoni. Na tujiulize: mtu anayeweza kuingia sauna mara nne kwa wiki si huenda tayari ana afya, ana nafasi, hana haraka? Watafiti walijitahidi kuyapima hayo pia, lakini utafiti wa namna ile hauwezi kuapa kwamba ni sauna peke yake iliyofanya kazi. Kwa hiyo ukiwa na dawa za presha, endelea kumeza dawa zako. Sauna haijawa dawa ya presha.

Haya, na zile sifa za uongo? Ya kwanza, kwamba sauna inatoa sumu mwilini. Jasho ni maji na chumvi, na vitu vingine vidogo sana. Kazi ya kusafisha damu inafanywa na ini na figo, usiku na mchana, bila kulipiwa kiingilio. Ya pili, kwamba inakata kitambi. Ukitoka ukapanda mzani utakuta umepungua, kweli. Nusu kilo, pengine zaidi. Kunywa maji, upime tena. Imerudi, sivyo? Kilichotoka ni maji, mafuta yapo pale pale.

Hili la uzito nalikazia kwa sababu nimeliona kwa macho. Kwenye jimu moja hapa mjini nilimkuta kijana, bondia, siku mbili kabla ya kupima uzito. Amevaa sweta, juu yake koti la mvua la plastiki, kajikunja kwenye benchi la juu, na mkononi ana chupa tupu ya kutemea mate. Midomo imekauka imefanya magamba. Nikamuuliza, mdogo wangu, umekunywa maji leo? Akatikisa kichwa, kuongea hataki, anaokoa nguvu. Mhudumu alikuja akamtoa, wakabishana, kijana akarudi.

Msikilizaji, hiyo si sauna tena. Mwishoni mwa mwaka 1997 kule Marekani wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya majuma machache, wote wakijikausha ili wafikie uzito, kwa kufanya mazoezi kwenye joto wakiwa wamevaa nguo zisizopitisha hewa. Baada ya hapo vyuo vya kule vikapiga marufuku sauna na suti za mpira kwa kazi hiyo. Plastiki inalizuia jasho kukauka. Na jasho lisipokauka, tulisema nini mwanzoni? Mwili haupoi. Makocha wa Manzese na wa kwingineko mnaonisikia, tafadhalini.

Na kuna kisa kingine kikubwa, hiki ni cha Wafini wenyewe. Mji mmoja, Heinola, ulikuwa na mashindano ya dunia ya kukaa saunani, yaliyoanza mwaka 1999. Chumba kinapashwa hadi nyuzi 110, na kila nusu dakika maji nusu lita yanamwagwa juu ya mawe ya moto. Anayekaa hadi mwisho ndiye bingwa. Sasa wewe uliyenisikiliza tangu mwanzo, niambie, maji yakimwagwa namna ile hewa inakuwaje? Inaloa. Jasho linaacha kukauka, mvuke unatua kwenye ngozi na kuichoma. Tarehe 7 Agosti 2010 walibaki wawili, Vladimir Ladyzhensky wa Urusi na Timo Kaukonen wa Finland, bingwa mtetezi. Baada ya kama dakika sita wakatolewa, ngozi imeungua. Ladyzhensky alikufa. Kaukonen alilazwa na majeraha makubwa ya moto. Mashindano hayakufanyika tena.

Dakika sita tu! Na hawa walikuwa wazoefu. Yule anayekuambia "kaza, mwanaume" kwenye benchi la juu, mpe hadithi ya Heinola.

Sasa tuingie wenyewe, polepole, tangu nyumbani.

Kabla hujatoka, kunywa maji, glasi mbili hivi. Usiende na njaa kali, wala usiende umeshiba pilau. Ukila chakula kizito ngoja saa moja na zaidi. Kwa anayefunga Ramadhani, mchana acha. Subiri ufuturu, unywe, utulie, halafu usiku ukipenda nenda. Na pombe? Pombe hapana, si kabla, si ndani. Pombe inakausha mwili, inashusha presha, na kibaya zaidi inakuondolea ile akili ya kujua kwamba umezidiwa. Hata Finland kwenyewe vifo vya saunani vikichunguzwa, pombe hukutwa humo mara nyingi mno. Basi bia iache kaunta.

Ukifika, vua saa, hereni, cheni, na miwani ya chuma. Vitu hivyo vinapata moto kuliko ngozi, utaruka. Oga, jikaushe. Wafini huingia bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao, au familia pamoja. Sisi tuna haya zetu, na hazina ubaya. Jifunge kanga au kikoi cha pamba, nguo za nailoni ziache. Tandika taulo ukalie, kwa sababu mbao ni za moto na pia jasho lako si la kumwachia mwenzako.

Halafu kuna jambo watu hawalifanyi, nami nakusihi ulifanye. Kabla hujakaa, fungua na ufunge mlango ukiwa ndani. Mlango wa sauna unatakiwa kufunguka kwa kusukuma kuelekea nje, bila komeo wala kitasa cha kuzungusha, ili hata aliyelegea akiuegemea unafunguka. Ukikuta unakwama, usiingie. Ongea na mwenye jimu, na akikwambia "sukuma tu kwa nguvu", chukua mkoba wako uondoke.

Kaa benchi la chini. Joto linapanda juu, kwa hiyo chini ni afadhali, na mgeni ndiko mahali pake. Pumzi ya kwanza itakuchoma puani, ni kawaida, pumua taratibu. Kama ni mara yako ya kwanza, dakika tano zinatosha, zisizidi kumi. Ukitaka kumwagia mawe maji, waulize kwanza mliokaa nao, kisha chota kidogo kwa kata, mwaga, sikiliza yale mawe yanavyonguruma, na mwili utausikia huo mvuke mabegani. Kata moja. Usimimine ndoo. Usilale usingizi. Usiingie peke yako kama unaweza kumpata mwenzako.

Na sasa, kutoka. Nilisema nitarudia. Toka ukiwa bado unajisikia vizuri. Usingoje kizunguzungu. Ukisikia kichefuchefu, kichwa kinagonga, moyo unapiga vibaya, hapo umeshachelewa kidogo, toka sasa hivi, hata kama ni dakika ya tatu. Usiruke kusimama. Mishipa imetanuka, damu imeshuka miguuni, ukisimama ghafla unaweza kuanguka, na wengi wanaoumia saunani wanaumia hivyo, kwa kuanguka. Kaa wima kwanza, shusha miguu, hesabu polepole, simama ukishika ukuta.

Nje, poa kwa hewa, halafu maji ya bomba ya kawaida, anza na miguu na mikono. Umewaona kwenye video Wafini wakitumbukia kwenye tundu la barafu. Waache. Baridi ya ghafla inaupa moyo mshtuko na kupandisha presha kwa kishindo. Mwenye moyo mgonjwa asijaribu. Kunywa maji tena, au dafu, kula kitu chenye chumvi kidogo. Na usipande bodaboda hapo hapo ukiwa mwepesi kichwani. Kaa nusu saa.

Akizidiwa mwenzio, mtoe, mlaze, inua miguu yake, mloweshe kwa maji, mpepee. Ikiwa anaongea vizuri, mpe maji anywe kidogo kidogo. Ikiwa amechanganyikiwa au hajitambui, usimnyweshe kitu. Endelea kumpoza huku mnamkimbiza hospitali.

Nani asiingie kabisa, au asiingie bila kuongea na daktari wake? Aliyepata shambulio la moyo karibuni, au anayebanwa kifua. Mwenye presha isiyotulia. Mwenye homa, anayeharisha, aliyetoka kuumwa malaria. Mwenye selimundu, huyu nampigia mstari, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji maumivu yanaweza kuamka, na kwetu wenye selimundu ni wengi. Mwenye kisukari anayechoma insulini aelewe kwamba joto linaifanya insulini iingie haraka mwilini, na sukari inaweza kushuka. Mama mjamzito, hasa miezi ya mwanzo, joto kali la mwili si zuri kwa mtoto anayejengeka. Amuulize mkunga wake. Na ninyi akina baba mnaotafuta mtoto, joto la mara kwa mara hupunguza mbegu. Zinarudi ukiacha, lakini zinachukua miezi. Watoto wadogo mwili wao hupata moto haraka. Wale wa Finland hukaa na wazazi muda mfupi sana, benchi la chini, na mimi nasema wetu wasubiri wakue.

Mwisho ni hili la nyumbani, kwa sababu najua wengi hamtakwenda jimu, mtajifunika blanketi na sufuria. Kufukiza tumekujua kabla ya sauna, na mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu zilichemka nchi nzima. Mvuke unaweza kuzibua pua, haya. Kirusi cha korona hauui. Sufuria iliyotoka kuchemka ikipinduka chini ya blanketi inaunguza mapaja vibaya, kwa hiyo isikae kwenye jiko, isikae mapajani, na mtoto asiwekwe chini ya blanketi. Na jiko la mkaa kamwe lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa ili "kitengeneze sauna". Hewa yake ya sumu haina harufu, inakulaza usingizi ambao huamki. Na mkiwa saunani, mafuta ya mkaratusi: matone machache kwenye ndoo ya maji, sawa, ila ukiyamimina yenyewe juu ya mawe ya moto yanawaka.

Saa yangu imefika, fundi mitambo ananionyesha vidole. Maswali yenu ya leo tumeyapokea, mengine nitayajibu juma lijalo kabla hatujaanza mada ya meno ya watoto, wakati huu huu, hapa hapa.